Springi na Kiatu Chake

Ye yote aliyepata kusafiri kwa motokaa katika nchi yetu ya Karagwe anajua neno moja bila kufundishwa: si injini peke yake ifikishayo gari mwisho wa safari. Injini huvuta, magurudumu huzunguka, dereva huongoza. Lakini kinachobeba mzigo wote, na kupokea pigo la kila shimo na kila jiwe, ni springi. Watu hawaitazami, kwa maana imejificha chini ya gari, imejaa tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Hata mwenye gari mara nyingi huikumbuka siku ile inapokatika. Sisi walimu wa hapa Kayanga husafiri sana, mara kwa kazi za mitihani, mara kwa misiba na arusi, na mara nyingi juu ya magunia ya watu wengine. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia wasomaji habari za chombo hicho, na hasa habari za springi mpya zisizo za chuma, na za jambo moja dogo lililo kiini cha ufundi wake, yaani namna ya kuivika springi kiatu.

Kwanza na tueleze springi yenyewe. Ile tuliyoizoea katika malori ni mabamba kadhaa ya chuma cha pua, yaliyopindwa kama upinde na kupangwa moja juu ya jingine, refu likitangulia na mafupi yakifuata chini yake. Katikati hufungwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopindwa mfano wa herufi U. Miisho ya bamba refu imekunjwa kuwa matundu, na ndani ya matundu hayo hutiwa bushi. Gurudumu likikanyaga jiwe, mabamba hunyoka; jiwe likipita, hurudi katika umbo lake. Kunyoka na kurudi ndiyo kazi yake yote, nayo huifanya maelfu ya mara kati ya Kayanga na Bukoba bila kupumzika.

Basi mahali po pote vitu viwili vinaposogeana, hapo pana msuguano. Na penye msuguano pana kulika. Bamba husugua bamba, bushi huliwa na pini yake, na ncha za mabamba mafupi huchimba mfereji katika bamba lililo juu yake. Nasi hapa kwetu tuna adui wa ziada, nalo ni vumbi. Wataalamu wa miamba wametumia jina la nchi yetu, pamoja na la jirani zetu wa Ankole, kuita safu kubwa ya miamba ya kale inayotoka kusini-magharibi ya Uganda, ikapita Karagwe na kuendelea hata Rwanda na Burundi. Katika miamba hiyo limo kwa wingi lile jiwe jeupe gumu liitwalo kwatsi. Kwatsi huikwaruza kioo. Kisu cha kawaida hakiwezi kuikwaruza yenyewe. Miamba ikisagika kwa mvua na jua na magurudumu, chembe zake huingia katika vumbi tunaloliona likipanda nyuma ya magari. Macho huliona vumbi jekundu laini. Springi hulijua kuwa ni msasa.

Barabara kutoka Kyaka hata Bugene ilipotiwa lami, wengi walidhani kwamba taabu hii imekwisha. Ni kweli kwamba imepungua sana kwa wasafiri wa njia kuu. Lakini kahawa haioti kando ya lami, wala ndizi, wala maharagwe. Mazao hutoka vijijini, kwenye njia za udongo na kokoto zinazopanda na kushuka vilima, na gari liendalo kuyachukua hubeba kwanza magunia, kisha juu ya magunia hubeba watu. Kwa sababu hiyo habari ya springi si habari ya chuma tu.

Tunakumbuka lori moja lililokuwa likishuka kilima limejaa maharagwe na wapagazi wanne juu yake. Bamba kuu la springi ya nyuma lilikuwa limepasuka wiki chache kabla ya siku hiyo, na karakana moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ikaliunga kwa kulichomelea. Ye yote aliyejifunza habari za chuma anajua kwamba ugumu na unyumbufu wa springi hutokana na kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukija baadaye na moto wa kuchomelea, mahali pale panapoteza tabia yake. Bamba likakatika pembeni mwa kovu la kuchomelea, ekseli ikakaa upande, lori likaacha njia na kulala mgombani. Hakufa mtu. Lakini mpagazi mmoja, kijana mwenye mke na watoto wawili, alivunjika mguu mahali pawili, na hata leo hachukui gunia. Tangu siku hiyo tumekuwa wasikilizaji wazuri wa mafundi wanapozungumza habari za springi.

Sasa na tuje kwenye springi za namna mpya. Hizi hazifuliwi kwa chuma. Hutengenezwa kwa nyuzi za kioo, ambazo watu wengi huziita faiba, zikalowekwa katika gundi inayoganda na kuwa ngumu, iitwayo epoksi, au katika nyingine za jinsi hiyo. Nyuzi hulazwa kwa wingi, karibu zote zikielekea upande mmoja, toka ncha hata ncha ya springi. Kisha huwekwa katika kalibu, zikapashwa moto na kugandamizwa hata zikawa kitu kimoja. Hutoka humo upinde mmoja tu mnene, nao hufanya kazi ya mabamba mengi ya chuma.

Msomaji atauliza, faida yake nini? Faida ya kwanza ni wepesi. Kwa ukubwa ulio sawa, chuma cha pua kina uzito wa karibu mara 4 ya uzito wa mchanganyiko huu. Mwaka 1981 Wamarekani walianza kutia springi moja ya namna hii nyuma ya baadhi ya magari yao ya Chevrolet Corvette. Ile ya chuma iliyoondolewa ilikuwa na mabamba 10 na uzito wa karibu kilo 19. Ile mpya ya nyuzi haikufika kilo 4. Tangu mwaka 1984 zikatiwa mbele na nyuma, na desturi hiyo ikaendelea katika magari hayo hata mwaka 2019. Wajerumani nao waliitia springi ya nyuzi mbele ya gari la mizigo la Mercedes Sprinter lililotoka mwaka 2006, imelazwa kutoka gurudumu hata gurudumu. Na watu wa Volvo wakaiweka nyuma ya gari lao XC90 la mwaka 2014. Faida ya pili ni kwamba haishiki kutu. Faida ya tatu ni kwamba ikichoka, mara nyingi haikatiki ghafula kama chuma, bali huanza kuchanika nyuzi na kutoa vibanzi, ikimwonya mwenye macho.

Naam, sifa hizo ni kweli. Lakini kila kitu chenye nguvu kina mahali pake pa udhaifu, na udhaifu wa springi hii ni wa aina mbili. Udhaifu wa kwanza ni kwamba haivumilii kusuguliwa. Chuma kikisugua nyuzi za kioo, na kati yao mna chembe za kwatsi, gundi ya juu hulika kwanza, kisha nyuzi zenyewe hukatika mmoja mmoja. Udhaifu wa pili ni kwamba haipendi kutobolewa. Ukitoboa bamba la chuma, unapunguza nguvu yake kwa kadiri fulani, na fundi hodari aweza kukadiria hasara. Ukitoboa springi ya nyuzi umezikata nyuzi zilizotoka ncha moja kwenda nyingine, na uzi uliokatwa haubebi tena ipasavyo. Mzigo wake huwahamia jirani zake walio pembeni mwa tundu, nao wakizidiwa huachana, na ufa huenda kwa urefu kufuata njia ya nyuzi. Tena kupitia tundu lile maji huingia, na maji yakikaa kati ya kioo na gundi hudhoofisha mshikamano wao.

Hapo ndipo linapozuka tatizo lenyewe. Springi lazima iguse kitu, kwa kuwa ncha zake hukaa juu ya vyuma vinavyoshika magurudumu, na katikati yake hushikwa na mwili wa gari. Penye kugusana pana kusuguana, kwa hiyo yatupasa kuweka hapo kitu cha kuvumilia msuguano: kipande cha raba, au cha plastiki ngumu, au cha chuma. Hicho ndicho tunachokiita kiatu. Lakini kiatu hicho kitashikwaje? Desturi ya fundi wa chuma ni kutoboa na kupiga bolti, au kuchomelea. Hapa kutoboa kumekatazwa, na kuchomelea hakuwezekani kabisa. Basi mafundi wa nchi zilizoanza kazi hii wamelijibu swali hilo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni gundi. Njia ya pili ni kukifanya kiatu kiwe kama kofia, chenye kingo zinazoizunguka ncha ya springi na kuibana pande zote, hata kisiweze kutoka. Njia ya tatu ni kukiumbia kiatu juu ya springi kwa kalibu, ili raba au plastiki igande hapo hapo juu yake. Mara nyingi njia hizi huchanganywa, gundi ikasaidiwa na kofia.

Katika zote yako mambo ya kuangaliwa. Springi inapopinda, uso wake mmoja hurefuka na mwingine hufupika, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Ukigandisha juu yake kipande kirefu kigumu cha chuma, springi itapinda nacho kitakataa kupinda. Ndipo gundi itaanza kubanduka kwenye miisho ya kipande hicho. Kwa hiyo kiatu chapaswa kiwe kifupi, na miisho yake iwe membamba. Au kati ya chuma na springi pawe na tabaka la raba, linalojinyoosha na kupatanisha wawili wasiokubaliana. Tena kuna bahati njema: ncha ya springi haipindi kama sehemu zake nyingine, kwa hiyo mahali panapohitaji kiatu zaidi ndipo pia gundi ipatapo taabu ndogo. Lakini jambo kubwa kuliko yote ni hili, kwamba kiatu kishikamane na springi kabisa, kusiwe na nafasi hata ya unywele. Kiatu kikilegea, vumbi huingia kati yake na springi, chembe za kwatsi hujikita katika raba laini, na kile kilichowekwa kuilinda springi kinageuka kuwa tupa ya kuila. Kiatu kilicholegea ni kibaya kuliko kutokuwa na kiatu, kwa maana macho hukiona kipo, na moyo wa mtu hutulia.

Haya tuliyaona kwa macho yetu hapa Kayanga. Msafiri mmoja kutoka Ulaya alifika na gari la namna ile tuliyoitaja, akielekea Bukoba. Katika njia za kokoto jiwe lilikuwa limepiga chini ya gari na kuking'oa kiatu cha raba kwenye ncha moja ya springi ya mbele. Gari likaletwa katika karakana ya mzee mmoja tunayemheshimu, ambaye amefundisha vijana wengi kazi. Nasi tulikuwa hapo tukingojea pikipiki ya mwenzetu itengenezwe.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, alitambaa chini ya gari, akatazama, akatoka akisema kwamba kazi ni nyepesi. Akakata kipande kinene cha tairi la lori, akaleta na kekee ya umeme ili atoboe ncha ya springi na kukifunga kwa bolti. Mzee akaweka mkono juu ya kekee.

"Mwanangu, umekigonga kitu hicho ukasikia mlio wake?"

"Nimekigonga, Mzee. Hakilii kama chuma."

"Basi usikitendee kama chuma."

Mzee akaokota kipande cha ganda kavu la mgomba lililofungia mzigo wa mtu, akampa kijana avute. Kijana akavuta kwa nguvu zake, ganda halikukatika. Mzee akachukua msumari, akalitoboa katikati, akapitisha kijiti katika tundu, akamwambia avute tena kwa kijiti. Kijiti kikateleza na kulipasua ganda kwa urefu wake wote, kana kwamba halikuwa na nguvu yo yote.

"Shikamoo, Mzee," akasema kijana akicheka, na watu wote wakacheka. Kisha akauliza swali la haki. "Lakini bila bolti kitashikwaje? Gundi ni kitu cha viatu na madaftari."

"Na viatu vyako hivyo," akajibu Mzee, "soli yake imeshikwa na nini?"

Kijana akatazama miguu yake, asijibu. Ndipo Mzee akatuma aitwe fundi viatu aliyekaa karibu na soko. Akaja na kisanduku chake, akiona ajabu kuitwa kwenye gari. Mzee akampa kiti, akamwuliza mbele ya vijana wote jinsi abandikavyo soli isibanduke. Yule bwana akaeleza: kwanza husugua pande zote mbili kwa msasa hata zipoteze ung'aavu; kisha hufuta vumbi na mafuta yote, wala hagusi tena kwa vidole; kisha hupaka gundi pande zote mbili, nyembamba na sawasawa; kisha husubiri, nayo ndiyo kazi inayowashinda vijana; na mwisho hugandamiza kwa nguvu, akakiacha kiatu kikapumzika.

Wakafanya vivyo hivyo, ila gundi waliyotumia ilikuwa ile ya mchanganyiko wa vitu viwili, na msasa ulipita juu juu tu, usifike kwenye nyuzi. Raba ikachongwa iwe na kingo za kuikumbatia ncha ya springi. Wakaibana kwa jiliwa la mkono, wakaiacha usiku kucha. Asubuhi Mzee akamwambia msafiri kwa unyofu kwamba hiki ni kiatu cha kumfikisha, si cha kudumu; aende polepole, asimame kila baada ya saa moja atazame, na akifika mjini aagize kile kilichotengenezwa kwa gari lake. Kesho yake jioni zikaja salamu kwamba amefika Bukoba, na kiatu kimekaa.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani tulisemezana sana juu ya jambo hilo. Nchi hizi zina sifa ya kale katika ufuaji wa chuma. John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba mwaka 1861, alifika katika ufalme uliokuwa na vitu vya heshima vya chuma, zikiwamo nyundo na sanamu za ng'ombe. Na mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha maelezo ya uchunguzi wao kwa jirani zetu wa Buhaya, wakionyesha kwamba wahunzi wa pande hizo walijua kuyeyusha chuma cha namna ya pua yapata miaka 1,500 hata 2,000 iliyopita. Hata leo springi ya lori iliyokatika haitupwi kwetu: huenda kwa mhunzi ikawa panga, au shoka, au kisu cha kumenyea ndizi. Kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba mikono yetu ni ya chuma tu, na kwamba springi ya nyuzi ni kitu kigeni ambacho hatutakiweza.

Sivyo. Upinde ni nini, kama si springi ya bamba moja, tena ya nyuzi? Mti una nyuzi zilizolala kwa urefu, na mtengenezaji wa upinde hachezi na nyuzi hizo. Hatoboi tumbo la upinde ili akaze mshiko. Huuzungushia ngozi au kano. Mzee anayetembelea fimbo hupachika raba au pete ya chuma kwenye ncha yake. Raba ikiisha hubadilisha raba, fimbo ikabaki ile ile miaka mingi. Hekima yote hii ni moja: kinachobeba kisisuguliwe, na kinachosuguliwa kisibebeshwe, na kuunganishwa kwao kusimjeruhi mbebaji.

Wenye mitambo nao waliifuata hekima hiyo zamani. Mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alibuni mchanganyiko wa madini laini, ambao sehemu yake kubwa ni bati, wa kutandikia mahali mihimili ya mashine inapozungukia. Mhimili ni mgumu na wa gharama. Tandiko ni laini na la bei ndogo. Tandiko hulika, likatolewa, likamiminwa jingine, na mhimili ukaendelea na kazi. Wasomaji wa Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, wanaijua bati kwa jina lake la kweli, si mabati ya kuezekea nyumba, kwa kuwa mawe yake huchimbwa katika vilima vyao. Madini hayo ya nchi yetu ni ya jamaa ile ile ya vitu vinavyojitoa viliwe ili vingine vipone.

Yuko atakayesema, "Ninyi walimu mnatusumbua bure. Springi za chuma twazijua, zapatikana kila duka la vipuri, na zikikatika twapata panga. Za nini hizo nyingine?" Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Hatusemi kwamba lori la maharagwe liondolewe mabamba yake kesho. Springi ya nyuzi ni ghali, na ikifa haifuliwi kuwa kitu kingine. Lakini magari hatuchagui sisi peke yetu. Yanatengenezwa mbali, yanatumika mbali miaka kumi au zaidi, kisha yanauzwa na kushushwa bandarini Dar es Salaam, na mwisho wa yote yanapanda vilima vya Karagwe yamechoka. Kinachotiwa leo katika magari ya Ulaya tutakikuta katika karakana zetu, tutake tusitake. Swali ni moja tu: siku hiyo kitakutana na mkono ulioshika kekee, au na mkono uliofundishwa?

Jibu la swali hilo lina damu ndani yake. Tundu moja lililotobolewa kwa nia njema halionekani kwa abiria aliyepanda Omurushaka na mtoto mgongoni. Yeye huona rangi ya gari na uso wa dereva. Maisha yake yamewekwa katika kitu asichokiona, na kitu hicho kimewekwa katika dhamiri na maarifa ya fundi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari hii, asiyejua kuziba ufa huuanzisha yeye mwenyewe.

Kwa hiyo tunalo neno kwa wenzetu wanaofundisha kazi za mikono, na kwa wazazi wanaowapeleka watoto karakana kujifunza. Kijana asifundishwe kufungua na kufunga tu, bali afundishwe kwanza kuuliza kila kitu kimeumbwa na nini. Akigonge asikie mlio wake. Atazame nyuzi zake zinaelekea wapi. Aulize mzigo unapita njia gani, na msuguano uko wapi. Ajifunze kutia gundi kwa saburi ile ile anayojifunza kuchomelea, wala asidhani kwamba kazi isiyo na cheche za moto si kazi ya kiume. Ajue kukitoa kiatu kilicholika kabla hakijaisha kabisa, na kukiona kilicholegea kabla vumbi halijaanza kula. Na asione haya kumwita fundi viatu.

Wenye magari nanyi, mnapolala chini ya gari kutazama mafuta, itazameni na springi. Ikiwa ni ya chuma, tafuteni ufa na kovu la kuchomelea. Ikiwa ni ya nyuzi, pitisheni mkono uliovikwa kitambaa, msije mkachomwa na vibanzi. Mkiona nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka aliyeogopa, au kiatu kinacheza mahali pake, msiipakie gari hata gunia moja. Kiatu ni cha fedha kidogo. Springi ni ya fedha nyingi. Mguu wa mpagazi hauuzwi katika duka lo lote.